Cid ni mtu mmoja au ni jina tu? Tumalize huu ubishi wa Final Fantasy

KadiYaMemori
Wakuu, salaam. Juzi nimemaliza gemu ya Final Fantasy XVI, ile ya 2023, nikakutana tena na Cid. Safari hii ni Cidolfus Telamon, sigara mdomoni, anarusha radi. Tangu Final Fantasy II ya 1988 huyu mtu hatuachi: fundi wa meli za anga kule IV, rubani mwenye matusi kule VII, baba yake Rikku kule X. Kila toleo tunaambiwa ni dunia mpya, lakini chocobo wale wale, wale ndege wa kupandwa, joka Bahamut yule yule, Cid yule yule. Mimi nimeanza kuamini dunia ni moja na Wajapani wanatuficha. Anayepinga aje na hoja.

MkongweWaSaba
Napinga. Cid ni kama "fundi". Ukiambiwa fundi anakuja, unategemea spana, huulizi kama ndiye yule aliyekuzibia bomba mwaka juzi. Ni kazi, si mtu. Tena wengine hata hiyo kazi hawaiwezi. Cid wa VIII ni mkuu wa shule, kizibao chekundu, hana hata ndege. Huyo simhesabu. Na niseme mapema, asiniletee mtu X-2, ule mwendelezo wa X, hapa. Ile ni gemu ya kina dada.

DafuMbili
Mbona wasema 1988? Cid alikuwako tangu ile ya kwanza ya 1987. Mimi nimeicheza, namkumbuka.

MwalimuWaZamu
DafuMbili, umecheza toleo lililotolewa upya. Ile ya Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, haikuwa na Cid, walimchomeka baadaye kwa kumtaja tu. Na wewe Mkongwe, unasema Cid wa VIII hana ndege? Shule yake nzima inapaa! Uliishia wapi kwenye hiyo gemu?

BintiSpira
Hebu tusimame hapo kwenye "gemu ya kina dada". Ina maana gani?

MkongweWaSaba
Dada yangu usikasirike. Inaanza na tamasha la muziki, halafu watu wanabadilisha nguo katikati ya vita. Nimesema nilichokiona.

BintiSpira
Mimi si dada yako. Na kubadilisha nguo nako, Cloud wako, shujaa wa VII, alipovaa gauni aende kwa yule mhuni Don Corneo, nani alimwita kina dada? Akachuchumaa na wapiga vyuma gym nzima ili apate wigi. Wigi!

Jirani_07
😂😂😂 Mkongwe kaa chini.

MkongweWaSaba
Ile ilikuwa mbinu. Mwenzake Tifa alikuwa hatarini.

Jirani_07
Na viatu navyo vilikuwa mbinu?

KadiYaMemori
Jamani, Cid.

BintiSpira
Narudi kwenye Cid, ila kupitia huko huko mnakokudharau. Kule X-2, ya 2003, kuna mtoto wa kabila la Al Bhed anakaa ndani ya meli ya anga, barakoa usoni hata siku moja haivui. Ukimuuliza asilolijua anajibu "mimi mtoto tu". Sasa mtoto huyo anakuja kugundua kwamba kule Farplane, makazi ya wafu, kuna nguvu ya uhai ya sayari, na ikipatikana njia inaweza kuvutwa itumike. Anasema itachukua vizazi. Jina lake Shinra. Mkongwe, wewe mkongwe wa saba, ile kampuni ya VII iliyokuwa inanyonya mako, nguvu hiyo hiyo ya sayari, pale jijini Midgar iliitwaje vile?

MkongweWaSaba
Cloud alivaa gauni mara moja. Mara MOJA. Msilinganishe na watu wanaobadilisha kila pambano.

MwalimuWaZamu
Mkongwe ameulizwa kuhusu Shinra, anajibu kuhusu gauni. Nimsaidie. Kazushige Nojima, aliyeandika kisa cha VII na cha X, alilieleza hilo mwenyewe kwenye kitabu cha mwongozo cha X-2 cha Kijapani. Kizazi cha yule mtoto hakikufanikiwa. Baadaye sana, watu walipoweza kwenda sayari za mbali, ndipo kampuni ikaanzishwa huko. Kwa hiyo hata kwa maelezo ya Nojima ni sayari mbili na msafara mmoja. KadiYaMemori asirukie kusema dunia zote ni moja.

DafuMbili
Na nchi ya Ivalice je? Final Fantasy Tactics ya 1997, Vagrant Story, kisha XII ya 2006, zote ni Ivalice. Hapo hakuna cha kubahatisha. Na kwenye Tactics, Cloud mwenyewe aja kwa mashine, atokea hajui yuko wapi, kiwango cha 1, mnyonge kama kifaranga. Sasa mwataka ushahidi gani tena?

MwalimuWaZamu
Huo ni ushahidi wa kutenganisha, si wa kuunganisha. Kama ni nchi moja, mashine ya nini? Si angepanda chocobo aje.

DafuMbili
Weye kila neno wanibishia.

Jirani_07
Mimi nina swali dogo. Mkongwe, hiyo VII ulimaliza lini? Maana tulikuwa banda moja la gemu kule Temeke, shilingi 200 nusu saa, nakumbuka kila kitu. PlayStation ilikuwa imechoka, tunaipindua miguu juu ndipo inasoma. Diski ya pili ilikuwa na mkwaruzo kama umepita msumari. Hakuna aliyewahi kuivuka. Wenye banda wakikuona umekaa na hiyo CD wanakutoa, watu wanangoja Winning Eleven.

MkongweWaSaba
Nilimaliza kwa binamu yangu Morogoro.

Jirani_07
Binamu gani?

MkongweWaSaba
Unataka jina la binamu yangu mtandaoni? Niulize chochote. Roketi ya Cid iliitwa Shinra namba 26. Alisimamisha urushaji kwa sababu fundi wake Shera alikuwa bado chini anakagua tangi la oksijeni, namba 8. Akamtukana miaka yote, akawa anamtuma chai kama mtumishi, mpaka siku walipopaa kweli na tangi namba 8 likalipuka. Hapo ndipo mwanaume akanyamaza. Huyo ndiye Cid. Mtu anaandikwa hivyo halafu mnaniambia ni nakala ya mwalimu mkuu?

BintiSpira
Hapo umeongea vizuri, sibishi. Ila kurusha roketi ni diski ya pili.

Jirani_07
Asante BintiSpira. Nilikuwa nangoja mtu aseme.

MkongweWaSaba
KWA BINAMU.

KadiYaMemori
Sawa, basi tuachane na Cid. Gilgamesh je? Yule mpiganaji wa mapanga wa V anatupwa kwenye ufa kati ya dunia, halafu VIII anaibuka na kuchukua upanga wa Odin aliyekatwa na Seifer. Yule ni mtu mmoja anayetembea.

DafuMbili
Huyo ni kama Sungura wa ngano. Hapa achinjwa, hadithi ya pili yuko shambani kwa Fisi aiba karanga. Ulishawahi kumuuliza bibi yako kama ni sungura yule yule?

BintiSpira
Niliuliza. Bibi alisema nilale.

MwalimuWaZamu
Tofauti ni kwamba Gilgamesh mnapewa njia aliyopita. Cid hamjapewa. Biggs na Wedge, wale wawili wanaorudi rudi, ndiyo kabisa, ni majina ya marubani wa Star Wars, na VI ilipotafsiriwa mara ya kwanza kwa Kiingereza Biggs akatoka "Vicks" kwa sababu mfasiri aliyasoma kwa herufi za Kijapani. Mtu anayepoteza jina lake kwenye tafsiri mnataka kumpa dunia ya pamoja?

MkongweWaSaba
Biggs afadhali. Anafia kazini. Cid wa VIII bado simhesabu.

KadiYaMemori
Kwa hiyo jibu ni nini? Dunia moja au nyingi?

Jirani_07
Hilo litasubiri. Mkongwe, ile kadi yangu ya memori uliyoiazima pale banda, ya bluu, yenye seivu yangu ya saa 31. Iko kwa binamu?