Tupeane uzoefu: wewe na mwenzi wako milimani, kwa gari au kwa miguu

Mama wa Nguba (Bukavu)

Wapendwa, habari za jioni. Leo nilikuwa napanga stoo, nikakuta fimbo mbili zimeegemea ukuta nyuma ya bidoni za maji. Nikamwita mzee aje azione. Tukakaa pale pale chini, kazi ikalala.

Mimi na mume wangu tuna miaka 22 ya ndoa. Mjini hatuongei sana. Yeye anatoka alfajiri, mimi nina duka, jioni ni watoto, wageni, umeme umekatika. Maneno yetu makubwa karibu yote tumeyasema milimani, kwa sababu huko hakuna wa kugonga mlango.

Fimbo zile ni za 2016, tulipopanda Kahuzi. Mume wangu alizaliwa 1970, mwaka hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa, na alikulia upande wa Katana akiuona mlima ule kila siku bila kuukanyaga. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mudaka, Murhesa, kisha pale Miti tukaiacha barabara ya uwanja wa ndege, tukakata kushoto kwenda Tshivanga. Chai huku na huku, imekatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Hamwezi kupanda peke yenu, lazima mwongozwe na watu wa hifadhi, nao ndio waliotupa fimbo.

Mwanzo ni msitu mzito, halafu inakuja mianzi. Kwenye mianzi ndipo nilipochoka. Chini ni tope jeusi, majani makavu yanateleza, na mianzi ikigongana juu inalia kama mlango uliokosa mafuta. Viatu vilikuwa vimejaa maji. Nikakaa kwenye gogo nikasema: nyinyi endeni, mtanikuta hapa. Mume wangu hakunibembeleza wala hakunikemea. Alitoa soksi kavu kwenye mfuko wake, akapiga goti kwenye tope, akanivua viatu, akanipangusa miguu kwa shati lake, akanivisha. Mbele ya walinzi wawili. Wanaoijua Bukavu wanajua kwamba mwanaume wa rika lake kufanya vile mbele ya wanaume wenzake si jambo dogo. Nikasimama.

Juu ya mianzi miti inafupika na kuota ndevu za kijivu. Kilele ni mita 3,308. Ziwa letu la Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, kwa hiyo tulikuwa zaidi ya mita 1,800 juu ya kitanda tulichoamkia. Ukungu ulifunguka kama dakika kumi tu. Tukaliona ziwa, na kisiwa cha Idjwi kimelala katikati yake kama mtumbwi. Hapo ndipo mume wangu aliponiambia kwamba kazi ilikuwa imekwisha miezi miwili iliyopita, na kwamba kila asubuhi alikuwa anavaa na kutoka ili nisijue.

Sikulia. Tulikula mayai ya kuchemsha, tukashuka tunapanga namna ya kuishi. Duka nililo nalo leo lilizaliwa kwenye ule mteremko.

Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, huko hatuendi tena. Ndiyo maana natamani kusikia zenu, za zamani na za sasa.

Fundi wa Essence (Bukavu)

Mama, aksanti kwa kutufungulia. Yangu ni ya gari, na ni ya mteremko wa Ngomo.

Ilikuwa 2011, nampeleka mchumba wangu kwao Uvira nikajitambulishe. Wengi walikuwa wanavuka Rwanda, wanashukia Bugarama na kutokea Kamanyola, maana upande ule kuna lami. Gari yangu haikuwa na karatasi za kuvuka mpaka, nikapita Nyangezi. Wanaoijua Ngomo hawahitaji kuelezwa. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Mkono mmoja ukuta wa udongo mwekundu, mkono wa pili hakuna kitu, na lori linalopanda halina mahali pa kukupisha.

Wakati ule sikuwa fundi bado. Nilishuka na gia ya tatu, mguu juu ya breki muda wote. Katikati ya kona nikasikia ile harufu, kama kitambaa kinachoungua kwenye pasi, halafu mguu ukaanza kuzama. Nikarudisha gia ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo. Kioo cha pembeni kilikwenda. Kabla halijasimama kabisa, mchumba wangu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, ameruka, anasukuma jiwe mbele ya gurudumu kwa mikono miwili, na gauni lake la kwenda kunitambulisha.

Tukasubiri zaidi ya saa moja breki zipoe. Tafadhali, wanaoendesha: breki ikiwa ya moto namna ile usiimwagie maji, chuma kitapinda au kupasuka. Mteremko unaushuka na gia ile ile ambayo ungeupandia, injini ndiyo ishike gari, breki iguswe na kuachiwa. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja wangu wote mpaka leo.

Lakini saa ile tulikaa juu ya jiwe, chini yetu bonde lote la Ruzizi. Mto huo unatoka ziwa letu kwenda Tanganyika, na njiani unashuka karibu mita 700. Tulitoka Bukavu na masweta, pale jasho lilikuwa linatutoka. Akaniambia anaogopa kuolewa mbali na mama yake. Kama tungepita Bugarama tungefika mapema, na neno hilo nisingelisikia kabla ya mahari. Nilipofika kwao nilisema mbele ya wazee kwamba kila likizo ya watoto atarudi. Imekuwa hivyo, ila vita vinapokatalia.

Binti Idjwi

Sisi kisiwani magari ni machache, kwa hiyo matembezi ya mlimani ndiyo maisha. Mimi na baba watoto tunapanda kila Jumamosi kuangalia shamba la mananasi upande wa juu. Kuna mahali ukisimama unaona Kongo mkono huu na Rwanda mkono ule. Yeye anatembea haraka, mimi polepole, akifika juu anapiga mluzi. Nikiusikia najua nimebakiza kona mbili.

Mtoto wa Birere (Goma)

Sisi wa Goma mlima hatuuendei, wenyewe ndio unatuangalia. Zamani usiku wingu la juu ya Nyiragongo lilikuwa jekundu, na watoto wanalala hivyo hivyo.

Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa na miaka tisa Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Nyumba yao ilikwisha. Nilipomwoa hakutaka hata jina la mlima litajwe mezani. Halafu 2019, njia ilipokuwa wazi kwa wageni, yeye ndiye aliyesema: twende nikauone uso wake.

Tulianzia Kibati na kundi la watu, walinzi wenye silaha mbele na nyuma. Kwanza msitu, kisha mawe ya lava. Mawe yale ni mepesi, yanaviringika chini ya kiatu, na ukianguka yanakata kiganja kama chupa. Nunueni glavu, hata zile za wajenzi. Tulipanda kwa muda wa saa tano hivi. Juu ni mita 3,470, kuna vibanda vidogo vya kulala karibu na ukingo. Tulivaa kila tulichobeba na bado meno yaligongana.

Giza lilipoingia tukasogea ukingoni. Chini kabisa ziwa la moto. Ngozi nyeusi inapasuka mistari myekundu, inajifunga, inapasuka tena mahali pengine, na mlio wake ni kama mawimbi yakipiga ufukwe. Bibi yangu alitazama muda mrefu. Kisha akausemesha mlima kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemdai jirani: «Ulichukua cherehani ya mama.»

Hakusema kingine. Nilimshika mkono, tukakaa mpaka baridi ikatushinda.

Tarehe 22 Mei 2021, ilikuwa Jumamosi jioni, mbingu iliwaka nyekundu upande ambao hatukuuzoea. Mimi nilikuwa nazunguka nyumbani bila kujua nishike nini. Yeye alikuwa mtulivu, na kitu cha kwanza alichotoa nje ni cherehani yake. Usiku ule lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, tukatembea mpaka Sake, zaidi ya kilomita 20, yeye na mtoto mgongoni, mimi na cherehani kichwani. Hiyo siiiti matembezi. Ila njiani aliniambia: angalau safari hii nilikuwa namjua anayenifukuza.

Kijana wa Bagira (Bukavu)

Wakubwa, nimesoma yote mara mbili. Mimi na mchumba wangu hatuna gari. Mwaka 2023 tulikodi pikipiki moja, watu watatu, mpaka Lwiro kuangalia sokwe waliookolewa kwa majangili. Kurudi tulitembea kwa miguu mpaka barabara kubwa, mvua ikatupiga tukajibanza chini ya migomba. Tulikuwa na mandazi manne. Ndiyo siku aliyonikubali.

Mama wa Nguba, swali: mzee bado anaweza kupanda? Na fimbo mmezirudisha stoo?

Mama wa Nguba

Mwanangu, mandazi manne chini ya mgomba yanatosha kabisa, usione haya.

Goti la kulia la mzee linamsumbua, zaidi akishuka. Kupanda kunachosha pumzi, ila kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo fimbo ni ya kushukia hasa: itangulie mbele yako, uiegemee, ndipo mguu ufuate. Na hatua ziwe fupi.

Fundi, nimemsomea habari ya jiwe la Ngomo. Amecheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama na mimi ningeruka. Nimemwambia gauni ningelivua kwanza.

Fimbo hazikurudi stoo. Ziko mlangoni. Jumapili baada ya misa tutapanda hapa hapa mjini, Karhale, taratibu, tutapumzika kila atakapotaka. Amesema ana neno la kuniambia, na hataki kulisema nyumbani.