"Secrete": kuficha au kutoa majimaji?

Wadau, nisaidieni. Natafsiri hadithi ya upelelezi, nikakuta mama mmoja "secreted the keys" chini ya godoro. Mimi neno hilo nalijua la tezi na mate tu, basi nikaandika mama "alitokwa na funguo". Mhariri kacheka hadi machozi. Inakuwaje neno moja lifiche na litoe?

JIBU: Pole ndugu, ila hiyo usiifute! Ni vitenzi viwili vyenye umbo moja. Asili yao ni Kilatini, "secernere", yaani kutenga kando. Ukikitenga kitu watu wasikione, umekificha. Tezi nayo wataalamu wa zamani waliiona kama inachuja majimaji na kuyatenga kutoka kwenye damu. Wewe tazama kinachofuata kitenzi: insulini, mate, homoni, hapo ni kutoa. Funguo, barua, pesa? Kuficha.

JIBU: Na usilichanganye na "excrete". Hilo ni la taka ambazo mwili unazitupa, kama mkojo. Mate yana kazi, hayatupwi.

JIBU: Kumbe ni ndugu wa "secret"! Na "siri" yetu je, imetoka hukohuko?

JIBU: Hapana, siri ni ya Kiarabu. Zimefanana sauti tu, hata mimi iliwahi kuniponza.

MWULIZAJI: Asanteni. Nimesahihisha, sasa ni "alizificha funguo". Ile ya kwanza mhariri ameichapa na kuibandika ukutani, juu ya meza yangu.