Njia za umetaboli nimezikariri, lakini swali la "kwa nini" linanishinda: misingi ya baiokemia isomwe kwa mpangilio gani?

Mwanafunzi wa Rau

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za masomo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika fani ya afya hapa Moshi. Nimetokea tahasusi ya PCB, kwa hiyo kemia na baiolojia si ngeni kwangu, lakini baiokemia imenijia kwa sura nyingine kabisa. Hatua 10 za glikolisi (njia ya kuvunja sukari ya glukosi) ninaziandika pamoja na vimeng'enya vyake bila kutazama daftari, na mzunguko wa Krebs vivyo hivyo. Wiki hii, katika kikundi chetu cha kujisomea, mwenzetu mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha sote: iweje seli nyekundu ya damu, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, isiitumie oksijeni hiyo hata kidogo kujipatia nishati? Orodha ya hatua 10 haikunisaidia chochote.

Naomba ushauri. Je, nianze na asidi amino na protini, nianze na vimeng'enya, au niingie moja kwa moja kwenye umetaboli? Na ipo namna ya kuyaunganisha mambo haya, ikizingatiwa kwamba vitabu vya maktaba ni vinene na muhula ni mfupi?

Mkufunzi Mstaafu

Marahaba, kijana wangu. Usilijibu swali la mwenzako ukapita. Kaa nalo muhula mzima, kwa sababu seli nyekundu ya damu ndiyo seli iliyo rahisi kuliko zote kwa mtu anayejifunza misingi. Haina kiini wala mitokondria. Mzunguko wa Krebs na mnyororo wa kusafirisha elektroni, hatua za kupata nishati kwa kutegemea oksijeni, hufanyika ndani ya mitokondria, hivyo seli isiyo nayo haina mahali pa kuitumia oksijeni, hata kama imeibeba tele. Inabakiwa na glikolisi, ambayo hufanyika katika saitoplazimu na kuipatia faida ya ATP 2 (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli) kwa kila molekuli ya glukosi. Kwa ATP hizo inaendesha pampu inayotoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu, na inaishi hivyo kwa takriban siku 120.

Sasa fuata elektroni, jambo ambalo wanafunzi wengi hulipuuza kwa sababu halimo katika orodha ya majina. Katika hatua ya 6 ya glikolisi, NAD⁺, molekuli inayobeba elektroni, hupokea elektroni na kuwa NADH. Akiba ya NAD⁺ ndani ya seli ni ndogo, na mambo yake ni kama ya kreti za soda: usiporudisha tupu, hupewi nyingine, hata kama ghala limejaa. Ndiyo maana piruvati, zao la mwisho la glikolisi, hugeuzwa kuwa laktati. NADH inazikabidhi elektroni zake kwa piruvati, NAD⁺ inarudi kazini, na glikolisi inaendelea. Laktati yenyewe husafirishwa hadi kwenye ini na kujengwa upya kuwa glukosi, mzunguko ulioelezwa na Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Kuhusu mpangilio, mimi ningeanza na maji, pH na chaji za umeme, hata kama mada hizo zinaonekana za kitoto. Baada ya hapo soma asidi amino 20, matofali ya kujengea protini, lakini usizisome kwa alfabeti. Zigawe kwa tabia zake: zenye chaji hasi, zenye chaji chanya, zinazopenda maji na zinazoyakimbia. Kisha chukua protini moja tu, hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, na uijue vizuri. Katika ugonjwa wa selimundu, glutamati iliyopo nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na valini. Glutamati ina chaji hasi na inakaa vizuri kwenye maji. Valini inayakimbia maji, kwa hiyo hemoglobini zilizokwisha kuachia oksijeni zinashikamana kwenye sehemu hiyo na kujipanga kuwa nyuzi zinazoipinda seli. Aliyezielewa chaji anaweza kuutabiri ugonjwa huo kabla hajausoma.

Vimeng'enya na umetaboli vifuate baadaye. Ukifika hapo, tazama BPG, molekuli ndogo yenye chaji hasi nyingi ambayo seli nyekundu huichepusha kutoka katikati ya glikolisi. Hujipachika kwenye tundu la katikati ya hemoglobini, palipo na chaji chanya, na kuifanya iachie oksijeni kwa urahisi zaidi. Wapagazi na waongoza watalii wanaopanda Kilimanjaro, yenye mita 5,895, huongezeka BPG katika damu wakikaa juu, ingawa kupumua kwa kasi kunapandisha pH ya damu na kuvuta upande wa pili.

Maabara Sakina

Mwalimu, shikamoo. Naunga mkono, nami niongeze jambo tunalokutana nalo kila siku maabara hapa Arusha.

Damu ikikaa kwenye kichupa kisicho na kihifadhi, katika joto la kawaida la chumba, glukosi yake hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa, kwa sababu seli zilizomo ndani yake bado zinaendelea na glikolisi. Kwa hiyo sampuli ya sukari huwekwa kwenye kichupa chenye kizibo cha kijivu, ambacho ndani yake kuna floraidi ya sodiamu. Floraidi huzuia enolasi, kimeng'enya cha hatua ya 9.

Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kutulia. Glukosi huendelea kushuka kwa saa moja au zaidi baada ya damu kuingia kwenye kichupa hicho. Kwa nini, ilhali floraidi imo? Kizuizi kiko hatua ya 9, na glukosi inaliwa hatua ya 1, ambako heksokinasi, kimeng'enya cha hatua hiyo, bado ina ATP ya kutumia. Kumbuka kwamba seli hukopesha ATP 2 mwanzoni, hurudishiwa 2 katika hatua ya 7, na faida yote huipata hatua ya 10. Ukifunga hatua ya 9, faida inakuwa sifuri, pampu zinaimaliza ATP iliyobaki, na hapo ndipo heksokinasi nayo inasimama. Vichupa vyenye asidi ya sitriki hufanya kazi mapema zaidi kwa sababu kushuka kwa pH kunazuia vimeng'enya vya hatua za mwanzo. Jambo hili peke yake linakufundisha hesabu ya ATP vizuri kuliko jedwali.

Tahadhari kwa wenyeji wa huku, maana nimeshaulizwa: meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi kuzunguka Mlima Meru hayatokani na kuzuiwa kwa enolasi ya damu. Ukolezi wa kichupani ni mkubwa mara mamia kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo cha maji ya kunywa. Meno huharibika kwa sababu floraidi inavuruga ujengaji wa enameli wakati jino la mtoto bado linaundwa. Kemikali ni ileile. Kisa ni kingine.

Mwaka wa Tatu

Nakubaliana na wakubwa, ila mdogo wangu asije akadhani majina hayaulizwi. Yanaulizwa. Tena seli nyekundu haitakufundisha uvunjaji wa mafuta, utengenezaji wa urea wala mzunguko wa Krebs wenyewe, kwa hiyo ukishaimaliza hamia kwenye ini, ambalo lina karibu kila kitu. Kabla ya kuhama, pitia njia ya pentosi fosfeti, njia nyingine ya kutumia glukosi, inayoipatia seli nyekundu NADPH, kibeba elektroni cha kuikinga na uharibifu unaoletwa na oksijeni. Mgonjwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoianzisha njia hiyo, akipewa primakwini, dawa ya malaria, seli zake nyekundu hupasuka kwa kukosa kinga hiyo. Unapochora njia yoyote, andika idadi ya kaboni kila hatua, na uweke alama pale ATP au NADH inapoingia au kutoka. Majina yaandike mwisho.

Mwanafunzi wa Rau

Nawashukuru sana. Nimejaribu swali moja la majaribio ya zamani kwa njia hii, naomba mnisahihishe. Wagonjwa wawili wana upungufu wa damu unaolingana kabisa. Mmoja ana upungufu wa heksokinasi, mwingine wa piruvati kinasi. Ni yupi atakayechoka zaidi?

Nimejibu hivi: heksokinasi iko hatua ya 1, kwa hiyo ikipungua kila kitu kinachofuata kinapungua, BPG ikiwemo, na hemoglobini inaishikilia oksijeni bila kuiachia vizuri kwenye misuli. Piruvati kinasi iko hatua ya 10. Ikipungua, vitu vya juu yake vinarundikana, BPG inaongezeka, na oksijeni inaachiwa kwa urahisi. Basi wa heksokinasi ndiye atakayechoka zaidi, ingawa kipimo cha damu yao kinasoma sawa.

Mkufunzi Mstaafu

Umepatia, na hoja umeipanga vizuri. Ongeza tu kwamba ATP inapungua kwa wote wawili, na ndiyo sababu seli zao zinakufa mapema na damu inapungua tangu mwanzo; BPG ndiyo inayowatofautisha.

Ukitaka kuendelea, jaribu hemoglobini ya mtoto aliye tumboni. Katika minyororo yake ya gama, histidini ya nafasi ya 143, ambayo kwa mtu mzima husaidia kuishika BPG, imebadilishwa kuwa serini, ambayo haina chaji chanya. Tueleze BPG itashikwaje hapo, na oksijeni itaelekea upande gani damu ya mama na ya mtoto zinapopita karibu kwenye kondo la nyuma.