Naombeni ushauri: gemu la mbio za magari, niendelee kuinamisha simu au nihamie vitufe?

KonaYaMwisho (mleta mada):
Wakuu, habari za muda huu.

Niende kwenye mada. Nacheza gemu moja la mbio za magari kwenye simu, haya ya uhalisia, siyo yale ya kuwasha nitro na kuruka juu ya mapaa. Jina silitaji, wanaolicheza watalitambua. Viwanja ni vya kweli, magari ni ya kweli, ukigusa ukuta bampa inaning'inia, na wapinzani unaokutana nao ni watu wenye akaunti zao.

Mimi kona nakata kwa kuinamisha simu. Kuna jamaa wananiambia vitufe vya kwenye skrini ndiyo mpango mzima. Nihame au nibaki nilipo? Muda wa kuzoea ni mfupi, kwa hiyo naombeni majibu yaliyonyooka. Mwenye maoni kuhusu magemu haya kwa ujumla naye amwage hapa. Matusi hapana.

TairiBovu:
Nimewahi siti ya mbele. Wataalamu wanakuja.

MzeeWaGia:
Kijana, usukani siyo tatizo. Tatizo ni biashara iliyofichwa ndani ya gemu. Real Racing 3 ilipotoka Februari 2013 ilikuja bure, watu wakashangilia, kumbe gari likihitaji matengenezo unasubiri kwa saa ya ukutani, au unalipa dhahabu, ile sarafu ya ndani ya gemu, uruke foleni. Kelele zilikuwa nyingi sana mwaka ule. Firemonkeys wa kule Melbourne walioitengeneza walifanya kazi ya maana kwenye picha na viwanja, hilo siwanyimi. Lakini ni uhalisia gani huo, fundi anakwambia rudi baadaye, ukimwonyesha dhahabu anamaliza papo hapo? Ingawa nikifikiri vizuri, mafundi wengine ndivyo walivyo.

Tafuta GRID Autosport. Feral Interactive waliileta kwenye iPhone 2017, Android 2019. Unanunua mara moja, hakuna wa kukudai tena. Mambo ya kuinamisha usiniulize, mimi natumia padi, kile kifaa cha mkononi chenye vijiti na vitufe.

BiUsukani:
Mzee, umeulizwa usukani umejibu duka.

Mleta mada, ukiinamisha unapata usukani wa vipimo. Unaweza kukata kidogo tu ukashikilia hapohapo hadi kona ndefu iishe. Kitufe hakina nusu: kimebonyezwa au hakijabonyezwa, na gemu ndilo linalojitahidi kulainisha. Matokeo yake kwenye kona ndefu unakuwa unagongagonga kidole na pua ya gari inayumba. Ubaya wa kuinamisha ni kwamba skrini inalala upande pamoja na mikono, huku jicho linatafuta pa kuingilia kona. Na ukicheza umejilaza, usawa wa simu unahama, gari linaanza kuvuta upande mmoja unadhani tairi limekwisha.

Mtu aliyezoea kuinamisha akihamia vitufe atashuka kwanza ndipo apande. Sasa huo muda mfupi ni wa nini? Nani anakukimbiza?

KonaYaMwisho:
Asante dada. Hakuna anayenikimbiza, ni mipango yangu tu. Kwa hiyo unasema nibaki?

SpidiMia:
Gemu lina tarehe ya mwisho tena? Huo ni mtihani wa taifa au?

BiUsukani:
Sijasema ubaki wala uhame. Nimeuliza swali.

KonaYaMwisho:
Haya. Tuna grupu letu la wachezaji, na humo mimi ni kama mwalimu, mtu akikwama ananiuliza mimi. Kwenye jedwali la grupu ndiye ninayeongoza. Juzi yule wa pili nilimpita vizuri tu, akapandwa na hasira, akanivizia kona iliyofuata akanigonga. Baada ya hapo ndipo akaanza kudai tukutane ana kwa ana, kila mtu akimbie mbele ya wote. Wenzake wakaunga mkono, na mimi nikakubali. Ni Jumamosi ijayo, kiwanja Laguna Seca. Ndiyo hivyo tu, siyo habari kubwa, ndiyo maana sikuiweka.

Kiberiti:
Laguna Seca! Wakuu, mwaka 1996, mbio za kweli siyo gemu, mzunguko wa mwisho, dereva Alex Zanardi yuko nyuma ya mwenzake Bryan Herta. Wanaingia Corkscrew, pale kiwanja kinapodondoka mtelemkoni. Zanardi akajitosa kwa ndani ambako nafasi haipo, akapitia hadi kwenye vumbi, akatoka mbele. Akashinda. Kila nikicheza kiwanja kile lazima nijaribu, na kila nikijaribu naishia ukutani. Mke wangu ameizoea ile sauti, siku hizi anauliza "Zanardi tena?" bila hata kuinua macho.

Nasaha:
Ndugu mleta mada, kukutana na watu mliojuana mtandaoni ni jambo la kutazama mara mbili. Na tujiulize kama taifa la vijana: muda wote huo mtu angejifunza udereva wa gari lenyewe, si ingekuwa faida? Gemu halikupi leseni.

SpidiMia:
Mkuu Nasaha, kila uzi wewe ni wa kwanza kufika. Halafu unatuhubiria kuhusu muda.

Nasaha:
Nafanya utafiti wa tabia.

BiUsukani:
Tusitoke nje ya mada. KonaYaMwisho, bado kuna kitu umekikalia. Anayeongoza jedwali haji kuuliza vitufe siku chache kabla ya mbio. Fungua mipangilio utuambie: usukani wa kusaidiwa, breki za kusaidiwa na kuzuia tairi kuteleza, umewasha ipi?

KonaYaMwisho:
Kwani hilo linahusiana vipi na kuinamisha?

BiUsukani:
Linahusiana.

KonaYaMwisho:
Yote mitatu. Ya breki iko juu kabisa. Na Jumamosi kanuni ni kuzima yote.

Lakini naomba tuelewane. Misaada imewekwa na waliotengeneza gemu, sijadukua kitu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nawasha nini. Na ninayowafundisha ni sahihi, nimeyasoma na kuyaona kwenye video, wenyewe wananishukuru muda wao unashuka. Tena pa kutokea nimeshapafikiria: nitasema skrini ya simu yangu imepasuka. Kwa hiyo swali liko palepale, vitufe au kuinamisha?

TairiBovu:
Siti ya mbele imelipa.

SpidiMia:
Kocha wa kuogelea kavaa boya 😂😂

Nasaha:
Njia ya mwongo fupi, ndugu yangu. Waambie ukweli mapema, watakuheshimu.

KonaYaMwisho:
Ukweli gani sasa? Sijadanganya, sijaulizwa tu.

JichoLaTatu:
Wakuu, mnakunywa chai na mmeshaomba vikombe vya pili.

Nimesoma kuanzia juu. Breki za kusaidiwa zinakanyaga mapema, kwa sababu zimepangwa zimfae anayejifunza. Kila kona unapoteza kidogo. Laguna Seca ina kona 11, jumlisha mwenyewe. Hakuna anayeongoza jedwali la watu wanaojua huku gemu linamshikia breki. Hiyo ya kwanza.

Halafu hili la kuviziwa kwa hasira. Magemu mengi ya namna hii, Real Racing 3 ikiwemo, mpinzani mwenye jina la rafiki yako siyo rafiki yako kwa wakati ule. Ni kompyuta inaendesha gari kufuata muda ambao mwenzio aliuweka. Mwenye hasira huenda alikuwa amelala fofofo. Mleta mada aliandika mwenyewe kwamba wapinzani ni "watu wenye akaunti zao", akadhani hatutauliza wako hewani au la. Huyu ametunga, ngoja achanganye majina.

Kiberiti:
Duh. Nami nilianza kumwonea huruma.

KonaYaMwisho:
Sijataja Real Racing 3 popote, ni wewe na mzee ndio mmeitaja. Na awe hewani au awe wa kurekodiwa, gari lenye jina lake limenigonga, nikasema amenigonga. Mlitaka niandike "nakala ya kompyuta ya fulani imenigonga"? Nilipomtania kwenye grupu alikasirika kweli, hiyo ndiyo hasira niliyoisema.

Kuhusu muda: gari langu limeboreshwa hadi mwisho. Injini, tairi, breki, uzito umepunguzwa. Ninachopoteza kwenye kona nakirudisha kwenye njia iliyonyooka. Jedwali la grupu halibagui gari la nani limeboreshwa kiasi gani.

BiUsukani:
Hapo inawezekana, JichoLaTatu. Gari lililoboreshwa hadi juu dhidi ya magari ya kawaida, hata ukiendesha kizembe unatoka mbele. Hili ndilo linaloniudhi kwenye magemu haya kuliko misaada. Fizikia ya gari wameipigania, uzito unahamia mbele ukikanyaga breki, tairi linapoteza mshiko ukilidai mambo mawili kwa mpigo. Halafu mashindano yenyewe yanaamuliwa gereji.

MzeeWaGia:
Nilisema nini? DUKA! Hizo injini ulizipataje, kwa kushinda au kwa kununua dhahabu?

KonaYaMwisho:
Fedha ni zangu, mzee.

MzeeWaGia:
Nimepata jibu langu.

JichoLaTatu:
Sawa, tuseme nimekubali. Jumamosi mnakimbia na gari gani?

KonaYaMwisho:
La kiwandani. Wote gari moja, lisiloboreshwa.

SpidiMia:
😂😂😂 Mwalimu hana breki, hana injini, ana video alizotazama.

JichoLaTatu:
Mimi bado nasema chai. Kila ukimbana ana jibu jipya, na kila jibu linamtia pabaya zaidi.

Kiberiti:
Chai au siyo chai, mimi nataka kujua Corkscrew inapitwaje bila kusaidiwa breki. Dada BiUsukani, tusaidie, kuta zimenichoka.

BiUsukani:
Kosa la wengi ni kungoja waione kona. Hamtaiona. Njia inapanda, halafu inakata kushoto na kulia mfululizo, ikishuka takribani mita 18 kwa umbali mfupi mno. Kazi ya breki imalizike wakati bado mnapanda, uzito ukiwa umekaa juu ya tairi. Ukivuka kilele gari linakuwa jepesi. Ukikanyaga breki pale, tairi linafunga, na ukikata usukani pua inakataa kugeuka. Hapo ndipo Kiberiti anapokutana na ukuta. Ingia taratibu kuliko moyo unavyotaka, geuza kushoto kabla ya kuona unakokwenda, acha mtelemko ukupeleke kulia, ndipo urudishe gesi kidogokidogo. Bila kuzuiwa kuteleza, ukiminya gesi yote hapo mkia unatoka.

Mleta mada, baki na kuinamisha. Siku zilizobaki hazitoshi kujifunza breki na usukani mpya kwa pamoja. Leo zima breki za kusaidiwa tu, mengine acha. Utakapoacha kupitiliza kona, zima usukani wa kusaidiwa. Kuzuia kuteleza kuwe mwisho. Tumia gari la kiwandani tangu sasa, hilo lako la dhahabu liache lilale. Na kona ya pili, ile ndefu ya kushoto, usiikate kwa mkupuo mmoja. Unagusa ukingo wa ndani mara mbili, katikati unaliacha gari litanuke kidogo.

Kingine, ipumzishe simu. Ikipata moto prosesa inapunguza kasi yenyewe ili kujilinda, fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zinashuka, na ulichokiinamisha kinafika kwenye gari kwa kuchelewa. Utadhani umesahau kuendesha, kumbe ni joto.

Kiberiti:
Nimejaribu sasa hivi. Nimepita! Polepole kama maiti inasindikizwa, lakini nimepita. Zanardi kesho.

MzeeWaGia:
Nashauri padi. Tangu iOS 13 ya 2019 iPhone inakubali padi za PlayStation na Xbox kwa bluututhi. Kijiti kinakupa vipimo kama kuinamisha, na skrini inatulia.

KonaYaMwisho:
Padi zimekatazwa, mzee. Dada, nimezima breki za kusaidiwa. Nimepitiliza kona zote isipokuwa ya mwisho, na hiyo ni kwa sababu nilikuwa nimeshasimama. Lakini nimeelewa ulichosema. Kwa hiyo kuinamisha.

BiUsukani:
Vizuri. Simu utakayotumia Jumamosi ni hiyohiyo unayofanyia mazoezi?

KonaYaMwisho:
Hapana, ni ya mwenyeji. Wamesema wote tutumie hiyo moja kwa zamu ili pasiwe na lawama.

BiUsukani:
Basi kabla ya zamu yako omba usawa wa simu upimwe upya, ukiwa umeishika vile utakavyoishika mbioni. Angalia pia usukani umewekwa uitikie kwa wepesi kiasi gani, kila mtu ana wake. Wenzako wakiuacha mkali, ukiinamisha kidogo tu utajikuta kwenye nyasi.

KonaYaMwisho:
Asante sana dada, umenisaidia. Nitaendelea kupambana. Ila ile ya kusema skrini yangu imepasuka bado nimeiweka akiba.

JichoLaTatu:
Skrini yako ya nini, na simu ni ya mwenyeji?