Riwaya ya mwanafalaki: ukurasa wa hesabu niuruke?

Mwalimu wa Chumbageni

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nafundisha fizikia sekondari. Kila Alhamisi baada ya vipindi nakaa na vijana wa kidato cha tatu chini ya mwembe, nawasomea riwaya. Kitabu ni cha Kiingereza, mimi nafasiri papo hapo. Muhula huu tunasoma The Black Cloud, yaani Wingu Jeusi, cha Fred Hoyle, kilichotoka 1957. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba Ngamiani, jalada limeshang'oka.

Hoyle alikuwa mwanafalaki wa kazi pale Cambridge. (Sisemi mnajimu, maana huku kwetu ukitaja mnajimu watu wanakunyooshea kiganja uwasomee.) Kazi yake kubwa ilikuwa kueleza nyota zinavyopika elementi ndani yake. Mwaka 1953 alishikilia kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati, la sivyo nyota zisingetengeneza kaboni ya kutosha na sisi tusingekuwapo. Wenye maabara kule California wakapima, wakakikuta. Mtu wa namna hiyo akiandika hadithi unamjua tu. Hofu yote inaanza na picha mbili za anga zilizopigwa nyakati tofauti: nyota zilizoonekana kwenye ya kwanza hazimo kwenye ya pili, doa jeusi limezifunika. Niliposoma hapo vijana walinisogelea mpaka magoti yakagusana.

Sasa tumefika pale wanapotaka kujua wingu litafika lini kwenye jua letu. Hoyle hakusema tu "wakakokotoa, wakapata jibu". Ameiweka hesabu yenyewe, herufi na alama zake, katikati ya hadithi. Mwenzangu wa somo la Kiswahili ananishauri niiruke, hadithi isije ikapoa. Roho inanikatalia. Ingekuwa nyinyi mngefanyaje?

Mtoto wa Deep Sea

Mwalimu, usiruke. Ila usiwasomee, walete pwani.

Baba yangu alikuwa nahodha. Nilipokuwa mdogo wazee waliokuwa wakisubiri samaki hapa Deep Sea walikuwa wanatazama chombo kinavyokua machoni, kisha wanasema, "Huyu tunaswali kwanza ndipo afike." Na kweli tunaswali, tunarudi, kinafunga. Hesabu ya kitabu chako ni hiyo hiyo.

Mpe kila mtoto rula. Anyooshe mkono, afumbe jicho moja, apime urefu wa tanga. Tuseme milimita 5. Asubiri dakika 2, apime tena: 6. Limekua sehemu moja kwa tano ndani ya dakika 2, basi limebakiza mara tano ya dakika 2, yaani dakika 10. Hakuna aliyeuliza chombo ni kikubwa kiasi gani, kiko mbali gani, wala kinakwenda mwendo gani. Sharti kije moja kwa moja kwako na kisibadili mwendo. Wingu ni vivyo hivyo: picha ya mwezi huu ikizidi ya mwezi uliopita kwa asilimia 5, limebakiza miezi 20.

Bi Kilimia, Bagamoyo

Mwanangu wa Deep Sea kasema vizuri. Lakini Mwalimu, mwenzako naye ana hoja, hadithi ikishapoa haipashiki.

Mtazame Johannes Kepler, mwanafalaki yule yule wa sheria tatu za mwendo wa sayari. Aliandika kwa Kilatini safari ya mwezini, Somnium, yaani Ndoto, ikachapwa 1634, miaka 4 baada ya kifo chake. Hadithi aliiacha iende zake. Hesabu na maelezo akayarundika kwenye tanbihi za mwisho, na tanbihi zikaizidi hadithi kwa urefu. Ndani yake kuna kijana ambaye mama yake anawauzia mabaharia mitishamba na anajua kuita pepo. Pepo ndio wanaowabeba watu mpaka mwezini, wakati wa kupatwa, kwa kupitia kwenye kivuli cha dunia.

Sasa mama mzazi wa Kepler, Katharina, alikuwa na yeye mtu wa mitishamba. Akashtakiwa uchawi, akatiwa ndani 1620, akatoka 1621. Mwanawe aliacha shughuli zake akaenda kumtetea, na aliamini kwamba nakala ya hadithi ile, iliyokuwa ikizunguka kabla haijachapwa, ilichochea maneno ya watu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilimkumbuka bibi yangu na kikapu chake cha mizizi, na majirani waliokuwa wakija kwake usiku kutaka dawa, mchana wanampita bila salamu.

Kwa hiyo hesabu wape, ila hadithi itangulie.

Mgeni wa Makorora

Hata hadithi huzaa hesabu. Carl Sagan, mwanafalaki wa Marekani, alipokuwa anaandika riwaya yake Contact, iliyotoka 1985, alimwomba mwanafizikia Kip Thorne amtafutie njia ya kumfikisha mhusika wake kwenye nyota za mbali isiyovunja sheria za fizikia. Thorne akatafuta njia ya mkato kwenye anga lenyewe, na 1988 akachapisha makala ya kitaalamu juu yake pamoja na mwanafunzi wake. Usiiruke.

Mwalimu wa Chumbageni

Nimerudi, na ahsanteni sana. Bi Kilimia, shikamoo, kisa cha mama Katharina nimewasimulia kama ulivyokileta.

Jumamosi tulikuja Deep Sea, vijana kumi na wanne. Dau lilikuwa linaingia, upepo mdogo. Tanga milimita 4. Baada ya dakika 3, milimita 5. Wakapiga hesabu mchangani kwa kijiti: imebaki dakika 12. Tukatazama saa. Dakika ya 12 ikapita, dau bado. Likafika dakika ya 17. Nikaanza kueleza kwamba rula zina makosa yake, binti mmoja akanikatiza: "Hatujakosea, Mwalimu. Nahodha alitua tanga."

Alhamisi nikasoma mbele. Wingu nalo limechelewa kuliko lilivyohesabiwa. Linapunguza mwendo, linarusha mabonge ya gesi mbele yake kwa kasi kubwa, na wanafalaki wa kitabuni hawaelewi kwa nini.

Chini ya mwembe kimya. Halafu binti yule yule akauliza, taratibu: "Mwalimu, kule nahodha ni nani?"