Mjadala: mantiki ifanyike ndani ya memori yenyewe?

Saketi_Pwani: Kuitoa data kwenye memori hadi kwenye prosesa kunakula nishati kuliko kuijumlisha. Basi seli za Ge2Sb2Te5, aloi inayogeuzwa kwa joto kati ya fuwele na kioo, zifanye mantiki palepale zilipo. Chukua seli mbili za waya mmoja wa kusomea: 1 ni fuwele, kilo-omu 10, 0 ni hali ya kioo, mega-omu 1. Zisome pamoja kwa volti 0.1. Zote zikiwa 0 unapata mikroampea 0.2, moja ikiwa 1, ni 10.1, zote 1, ni 20. Weka kizingiti kwenye 5, umepata AU (jibu ni 1 hata seli moja ikiwa 1). Kipandishe hadi 15, umepata NA (jibu ni 1 zote zikiwa 1 tu). Kuna ubishi hapo?

Kizingiti: Waumini wa fuwele hamchoki. Jibu mtaliandika wapi? Kuandika 0 ni kuiyeyusha seli, kama nyuzi 600, kisha kuipoza ghafla. Kuandika 1 ni kuipasha moto kiasi na kusubiri fuwele zijipange. Hapo ndipo muda unapopotea. Tena seli huchoka kwa kuandikwa, DRAM, memori ya kazi ya kompyuta, haichoki hivyo. Soko limeshaamua, Optane, memori ya Intel ya seli za aina hii, ilizikwa 2022.

Saketi_Pwani: Mkuu, muumini ni nani? Nimeleta namba, umenijibu kwa jina la kuitana. Optane haikuuzwa kufanya mantiki, ilikuwa ghala la data tu!

Teluri: Na 2015 Intel na Micron waliitangaza 3D XPoint, teknolojia ya Optane, kwa ahadi ya kasi mara 1,000 ya NAND, memori ya flashi ya disiki za SSD. Disiki zilizofika sokoni hazikukaribia hapo, na bei ilikuwa juu. Fuwele zinakosa gani?

Kizingiti: Bei inatoka wapi, dada? Mkondo wa kuyeyusha ni mkubwa, kila seli inadai swichi ya kuuhimili. Hiyo ni fuwele.

Teluri: Swichi nakubali. Ila Saketi, namba zako hazifiki mbali. Soma mistari 128, yaani seli 128 za waya uleule, kwa pamoja: sifuri 127 zinavujisha 12.7, zaidi ya 10 ya ile 1 unayoitafuta. Uwiano wa 100 kati ya ukinzani wa 0 na wa 1 hautoshi, tafuta 1,000. NA ya mistari mingi isahau kabisa: kutenganisha 127 na 128 wakati kila seli ina ukinzani wake haiwezekani.

Saketi_Pwani: Ukinzani wa hali ya kioo hupanda wenyewe kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo uvujaji unapungua. Kizingiti, lile neno bado hujalifuta.

Kizingiti: Silifuti. Nionyeshe kwanza disiki moja ya Optane iliyowahi kushindana na NAND kwa bei ya gigabaiti.