Timu ya roboti Mtwara: tuwaombeje wadhamini?

Mwalimu wa Fizikia, Mtwara
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninawasimamia wanafunzi kumi na wawili walioundia darasani roboti inayofuata mstari mweusi sakafuni. Fremu yake ni kipande cha ndoo ya plastiki, na mota zake mbili tulizitoa kwenye printa mbovu. Sasa wanataka kuunda nyingine yenye mkono wa kuokota vitu, lakini hatuna betri wala sensa (vifaa vya kuhisi). Nimepeleka barua nane kwenye kampuni nikiomba "msaada wowote", na sijajibiwa hata moja. Nimekosea wapi?

Fundi mitambo mstaafu
Hongera, Mwalimu, na pole. Anayeombwa "msaada wowote" hajui barua aipeleke idara gani. Taja mota ngapi, betri ngapi, na uambatishe bei ya dukani. Kisha waendee wanaoishi na vifaa hivyo: kiwanda cha saruji cha Dangote, bandari, mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba. Roboti yenu hupima mwanga unaorudi kutoka sakafuni, ikalinganisha, ikageuza gurudumu. Mtambo wa gesi nao hupima mgandamizo, ukalinganisha, ukafunga vali. Fundi wa pale akiiona roboti ikikata kona atawaelewa mara moja, na ndiye atakayewasemea kwa meneja. Kwa hiyo ombeni kwanza nafasi ya kuionyesha, barua ifuate.

Mwanaushirika, Newala
Msiwasahau watu wa korosho. Hata hivyo, bajeti ya chama cha ushirika hupitishwa na mkutano mkuu, kwa hiyo ombi lifike mapema, kabla minada haijaanza mwezi Oktoba na viongozi wakazama kwenye maghala na malipo ya wakulima.

Mzazi, Lindi
Sisi kampuni moja ilikuwa tayari kutuchangia, ikarudi nyuma ilipoona tumeandika namba ya simu ya mwalimu kuwa ndiyo ya kupokelea fedha. Iliniuma, ingawa walikuwa na haki. Barua isainiwe na mkuu wa shule, fedha ziingie akaunti ya shule, na stakabadhi itolewe.

Mwalimu wa Fizikia, Mtwara
Ahsanteni sana. Namba niliyoandika mimi pia ilikuwa yangu, nitaiondoa. Jumamosi wanafunzi watapita madukani kuuliza bei, na orodha wataiandika wenyewe.